Maskoti wa gemu akitolewa kwenye kontrola anabaki na nini?

#1 KitufeChekundu

Wakuu, habari zenu.

Nina hoja, nipingeni kwa hoja. Mimi nasema maskoti wa gemu, yaani yule mhusika aliye sura na nembo ya gemu, hana maisha nje ya gemu. Mario, Sonic, Pac-Man, Crash, wote hao ni nguo tu anayoivaa mchezaji. Mwenye roho ni wewe uliyeshika kontrola. Mtoe Mario kwenye gemu umpeleke kwenye muvi, utabaki na bwana mmoja mfupi mwenye masharubu asiye na la kusema, maana tangu 1985 kazi yake ni kukimbia kwenda kulia.

Ushahidi ni muvi ya Mario ya 1993. Walimchukua Bob Hoskins, mwigizaji mzito kabisa, wakamvika kofia, na bado chombo kikazama. Hoskins mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya.

Najua mtaniletea ile muvi ya Mario ya 2023. Leteni. Ila mnijibu kwanza: watu walikwenda kumwona Mario, au walikwenda kukumbuka gemu zao? Kila baada ya dakika mbili kuna kitu kimechomekwa pale ili umguse aliyekaa pembeni yako umwambie "umeona ile?"

Swali langu: yupo maskoti wa gemu ambaye angestawi kwenye muvi, katuni, komiki na vitabu hata kama gemu zake zote zingefutwa leo?

#2 Bi Mtazamaji

Pikachu. Mods fungeni uzi.

#3 MchoraKatuni

Dada hapo juu kamaliza, mimi naongeza nyama tu. Gemu za kwanza za Pokémon zilitoka Japani Februari 1996, katuni ikaanza Aprili 1997. Kwenye zile gemu Pikachu alikuwa mmoja kati ya 151, unakutana naye msituni kama unavyokutana na mdudu mwingine yeyote. Katuni ndiyo iliyompandisha akawa sura ya kila kitu. Halafu 1998 ikatoka Pokémon Yellow, ambayo Pikachu anakufuata nyuma kila unapokwenda, vilevile kama kwenye runinga. Gemu ndiyo iliyoiga katuni.

#4 KitufeChekundu

MchoraKatuni, umenitetea bila kujua. Kama katuni ndiyo iliyomtengeneza Pikachu, basi huyo ni mhusika wa katuni aliyezaliwa kwenye gemu kwa bahati. Mimi nataka maskoti aliyekwisha kukomaa kwenye gemu, kisha akahama.

#5 Kobe Mzee

Mleta mada kaanza kukata kona mapema hivi!

Sisi wazee tulikuwepo kabla ya huyo Mario wenu kuvuma. Pac-Man, Namco, 1980. Kufika 1982 ana katuni yake kwenye runinga ya ABC, kazi ya studio ya Hanna-Barbera, na wimbo wa Buckner & Garcia unaomhusu, "Pac-Man Fever", umefika namba 9 kwenye chati ya Billboard. Duara la njano lenye mdomo! Ndani ya gemu hana macho, hana miguu, hana kwao. Kama huyo kaweza, nani ashindwe?

#6 Zuu_Pikseli

Kobe Mzee, aliweza kwa muda gani? Katuni ile ilikata pumzi 1983. Ulikuwa msimu wa homa ya magemu Marekani, kila kilichokuwa na mashine kwenye kumbi za michezo kilipewa katuni. CBS nao wakaja na Saturday Supercade, wakawarundika humo Donkey Kong, Frogger, Q*bert na wenzao. Soko la gemu za nyumbani huko likaporomoka mwaka huohuo, na Supercade haikukaa sana.

Kupata katuni si kustawi. Alipewa lifti tu.

#7 Ngariba wa Hoja

Naweka kambi hapa. Wajuzi endeleeni.

#8 MamaWawili

Mimi si mtu wa gemu, nimeingia kwa sababu ya kichwa cha habari. Mwanangu wa kwanza ni mgonjwa wa Sonic na kwetu hatuna hata mashine ya gemu. Alianza na muvi ya 2020, akahamia Sonic Prime ya Netflix, sasa daftari zote zina picha ya Shadow, mpinzani wa Sonic, mpaka la hesabu. Binamu yake alimpa ile gemu ya kwanza kabisa ya Sonic ajaribu. Akacheza kidogo, akarudisha, akauliza mbona hawaongei.

Kwa hiyo KitufeChekundu, huyu mtoto unamweka wapi? Kwake gemu ndiyo nakala.

#9 KitufeChekundu

Mama, huyo shahidi ni mgumu, nakiri namwogopa. Ila nauliza: zile muvi zimebebwa na Sonic au na Jim Carrey aliyeigiza adui wake?

#10 Bi Mtazamaji

Jim Carrey kafanya nini tena? Twende taratibu.

2019 ilitoka trela ya kwanza. Sonic ana meno ya binadamu, vijicho vidogo, mwili kama mtoto aliyevaa manyoya. Watu wakachachamaa dunia nzima. Mwongozaji, Jeff Fowler, akatangaza kuwa wanamchora upya, na muvi ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Carrey alikuwemo kwenye ile trela ya kwanza, sura ileile, na hakuna aliyesema "potelea mbali, Carrey yupo". Watu walitaka Sonic WAO. Sasa kama maskoti ni nguo tu, hasira yote ile ilikuwa ya nini?

Halafu tazama mwendo wake. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 300, ya pili (2022) zaidi ya milioni 400, ya tatu iliyotoka Desemba 2024 ikakaribia milioni 500. Nostalgia haipandi hivyo. Nostalgia hulipa mara moja, ikaenda zake.

#11 MchoraKatuni

Nimesubiri mtu ataje yale meno.

Mimi nachora kwa kujipatia riziki, kwa hiyo nitaongelea maumbo. Hawa wahusika walizaliwa kutokana na umaskini wa pikseli. Mario ana kofia kwa sababu nywele zilikuwa taabu kuchora kwenye vinukta vichache vile. Masharubu yapo ili pua ionekane imetengana na uso. Ovaroli ipo ili mkono uonekane unapotikisika. Kila alichovaa kilikuwa jibu la tatizo la fundi. Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario, amelieleza hili mara nyingi tu.

Matokeo yake ni mhusika unayemtambua hata akiwa mdogo kama ukucha, hata ukiona kivuli chake. Hiyo ni hazina ya ajabu kwa katuni, komiki, fulana, mdoli, puto. Sonic alipewa puto lake kwenye gwaride la Macy's la New York 1993, mhusika wa kwanza wa gemu kupata heshima hiyo (likapigwa na upepo, likagonga nguzo ya taa, ila hiyo ni habari nyingine). Lakini ukimchukua huyohuyo ukamwekea vinyweleo vya kweli, fizi na kucha, unaharibu kile kilichomfanya awe yeye. Muvi ya 1993 ilianguka hapo: waliondoa rangi, wakaondoa umbo, wakaleta mji wenye giza na matope, kisha wakategemea jina lifanye kazi peke yake.

Kwa hiyo swali la mleta mada halijakaa vizuri. Asiulize kama maskoti anaweza kutoka. Aulize anatoka kwenda kwenye chombo gani. Kwenye mchoro anaenda vizuri, kwenye nyama na damu anakufa.

#12 Zuu_Pikseli

> MchoraKatuni amesema: kwenye nyama na damu anakufa

Detective Pikachu, muvi ya 2019. Manyoya ya kweli, mji wa kweli, watu wa kweli, zaidi ya dola milioni 430. Hakufa.

#13 MchoraKatuni

Zuu, mtazame tena. Waliweka manyoya lakini vipimo hawakuvigusa: kichwa kikubwa, macho meusi, mashavu mekundu. Kivuli kilibaki kilekile. Ndicho nilichosema.

#14 Kobe Mzee

Nimerudi kusoma posti #1. Eti "tangu 1985". Kijana, Mario kaonekana 1981 kwenye Donkey Kong, akiitwa Jumpman, na alikuwa seremala. Ufundi bomba kaupata 1983. Unamhukumu mtu usiyemjua hata kazi yake ya kwanza!

#15 KitufeChekundu

Haya mzee, tuongeze miaka minne ya kukimbia kwenda kulia.

#16 Zuu_Pikseli

Kwenye Donkey Kong alikuwa anapanda juu 😂😂

#17 Wakili wa Mchongo

Nawasoma tangu asubuhi, mnaongea sanaa tupu. Hakuna aliyegusa karatasi. Maskoti hufa au huishi kutegemea nani ana hakimiliki na anamwachia nani.

Tazameni Nintendo. Baada ya kuungua 1993, kwa miaka mingi hawakumpa mtu wa nje Mario kwa ajili ya muvi ya sinema. Waliporudi 2023, Miyamoto mwenyewe alikaa kiti cha mtayarishaji, bega kwa bega na Chris Meledandri wa studio ya katuni ya Illumination. Ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Mario ni yuleyule wa siku zote. Aliyebadilika ni anayeshika kalamu.

Sasa mtazameni Crash Bandicoot. 1996, Naughty Dog wamemtengeneza, kila mtu anamjua kama sura ya PlayStation, na kumbe Sony hawakuwa wenye mali! Mwenye mali alikuwa Universal. Baadaye akapita kwa Vivendi, kwa Activision, na tangu 2023 yuko Microsoft. Mtoto aliyelelewa nyumba nne. Hana muvi yake wala katuni yake, kaishia kualikwa kama mgeni kwenye katuni ya wengine, Skylanders Academy. Hapo sura ina kosa gani? Sura anayo, nzuri tu.

Na huyohuyo Sonic mnayemsifia: komiki zake zilizochapishwa na kampuni ya Archie zilitoka 1993 hadi 2017, matoleo 290, zikaingia hadi kwenye Guinness. Katikati ukazuka mgogoro wa mahakamani na mwandishi wao wa zamani, Ken Penders, kuhusu nani ana haki ya wahusika aliowabuni. Ulipomalizika 2013, kundi zima la wahusika likafutika kwenye hadithi, ulimwengu mzima ukaanzishwa upya. Msomaji aliyewafuata miaka na miaka anaamka, hawapo. Mtuambie hapo pikseli zina kosa gani.

#18 Ngariba wa Hoja

Wakili leo kaja na jalada kamili. Nimekusoma.

#19 KitufeChekundu

Wakili, asante kwa hizo 290, nazichukua ziwe zangu. Kwa nini Archie walihitaji wahusika wengi hivyo wa kubuni? Kwa sababu Sonic peke yake hakutosha! Ilibidi wamjengee taifa, marafiki, mpenzi, wasaliti. Sally Acorn ametoka kwenye katuni na komiki, kwenye gemu hana nafasi ya maana. Kwa hiyo kilichostawi miaka 24 ni ule mtaa uliomzunguka. Sonic alikuwa jina kwenye jalada.

#20 Bi Mtazamaji

Na shujaa gani duniani asiyekuwa na mtaa wake? Hebu tuwe wakweli.

Mimi naona huo utupu unaoulalamikia ndio mtaji wenyewe. 1993 Sonic alikuwa na katuni mbili kwa wakati mmoja. Moja ya vichekesho vitupu, nyingine yenye majonzi, roboti wameteka nchi, watu wanageuzwa mashine. Sauti ya Sonic kwenye zote mbili ni ya mtu mmoja, Jaleel White. Jaribu kufanya hivyo kwa mhusika aliyejaa historia, utaambiwa umemharibu. Sonic akazimeza zote mbili.

Kirby je? Duara la waridi kutoka 1992. Katuni yake ya 2001 ilikwenda vipindi 100, na muda wote huo mwenyewe anasema "poyo" tu. Wanaoongea ni King Dedede na wenzake. Hakuna aliyedai Kirby apewe hotuba.

#21 Fundi wa Hadithi

Salaam. Mimi ni mwandishi wa miswada ya katuni, si maarufu, ila najua jikoni kunavyofuka.

Tatizo la kweli ni hili. Kwenye gemu anayeshindwa ni mchezaji. Unatumbukia shimoni, unaanza upya, unatumbukia tena, na ile hasira ni yako, furaha ya kuvuka ni yako. Mhusika hana habari. Ukimpeleka kwenye muvi, lazima umkabidhi yeye kile kushindwa. Bila hivyo utapata mtu anayeruka ruka vizuri na hakuna anayejali.

Ndiyo maana sikubaliani kwamba ile ya 2023 ni kumbukumbu tupu. Kuna sehemu binti mfalme Peach anampeleka Mario kwenye uwanja wa majaribio, Mario anaanguka, anaanza upya, anaanguka tena. Kisha yule sokwe Donkey Kong anamtwanga ulingoni mbele ya watu na yeye hakubali kukaa chini. Hiyo ni ile hali ya kufa na kurudia mwanzo tunayoijua wote, wameigeuza kuwa tabia ya mtu: king'ang'anizi. Hawakuitoa hewani. Waliiokota kwenye namna gemu inavyochezwa.

Sonic vilevile. Gemu inasema ana kasi. Mwandishi mvivu atasema "basi ana kasi", amemaliza. Kwenye muvi ya kwanza wakauliza: mtu mwenye kasi kuliko wote anacheza na nani? Tukamwona anacheza besiboli peke yake, anarusha mpira, anakimbia kuupiga mwenyewe, anakimbia kuudaka mwenyewe. Umecheka, na ukaona upweke. Kasi imekuwa jeraha.

Kwa hiyo maskoti anasafiri ikiwa ile sheria moja ya gemu yake inaweza kuwa tabia. Kukosa hiyo, ndiyo unapata nguo ya mleta mada.

#22 Ngariba wa Hoja

Posti #21 ibandikwe juu.

#23 Zuu_Pikseli

Fundi umeandika vizuri ila umechagua waliofaulu tu. Twende makaburini kidogo.

Bubsy. Paka wa 1993, mdomo haufungi, tabia tele, kila kitu mnachokitaka nyie waandishi. Akatengenezewa kipindi cha majaribio mwaka huohuo, kikaonyeshwa, hakikununuliwa kuwa mfululizo. Earthworm Jim alipata katuni ya kuchekesha kwelikweli 1995, misimu miwili ikaisha. Rayman alipewa katuni yake karibu na mwaka 2000, vipindi vinne. VINNE. Ratchet & Clank walipata muvi 2016, na wale wana hadithi kuanzia gemu ya kwanza, wana utani, wana urafiki. Kumbi zilikuwa tupu.

Hao wote wana kile unachokiita sheria iliyogeuka tabia. Mbona hawakusafiri?

#24 Kobe Mzee

Ya Rayman inauma zaidi ukijua mwisho wake. Wale Rabbids waliingia 2006 kama maadui kwenye gemu YAKE. Wakapendwa wao. 2013 wakapewa mfululizo wao wa runinga, Rabbids Invasion, na Rayman akabaki kuwaangalia. Mgeni kamfukuza mwenye nyumba.

#25 MamaWawili

Wale sungura wanaopiga kelele? Mdogo wangu wa nyumbani anakufa kwa kucheka. Sikujua wametoka kwenye gemu.

#26 Wakili wa Mchongo

Hawana lugha, ndiyo siri. Kelele haihitaji kutafsiriwa, unauza kipindi kilekile popote.

#27 Bi Mtazamaji

Pikachu pia. Katuni imeingizwa sauti upya kwa lugha chungu nzima, ila "pika pika" imebaki ya Ikue Otani, mama yuleyule wa Kijapani. Hata kwenye Detective Pikachu, anayeongea Kiingereza ni Ryan Reynolds, na binadamu wengine mle ndani wakimsikiliza wanasikia sauti ya Otani. Utani mzuri sana ule.

Upande wa pili kuna Mario. Alipotangazwa Chris Pratt 2021 watu walinuna, kwa sababu masikio yao yalishazoea Charles Martinet, sauti ya Super Mario 64. Martinet wakampa nafasi ndogo, mojawapo baba yake Mario. Mkinuna kwa sababu ya sauti, maana yake kuna mtu mle ndani. Nguo haina sauti, KitufeChekundu.

#28 KitufeChekundu

Walinuna, kisha wakaenda wote wakajaza kumbi. Sauti ikabadilishwa na hakuna kilichoharibika. Dada, huo ni ushahidi wangu.

#29 AnkoRetro

Nimechelewa. Mnabishana nini wakati ilishathibitishwa kitambo kuwa Mario anajulikana kuliko Mickey Mouse duniani?

#30 Zuu_Pikseli

Anko, si duniani. Ni utafiti mmoja, 1990, watoto wa Marekani. Kila mwaka unazidi kukua mitaani, karibu utafika mwezini.

Ila umenipa wazo. Mickey yupo tangu 1928. Lini mara ya mwisho muvi kubwa ya sinema ikasimama juu ya mgongo wake? Mickey amekuwa kofia, saa, lango la bustani. Na hakuna anayesema kashindwa. Labda tunampima maskoti kwa kipimo cha mhusika wa hadithi, na hiyo si kazi yake. Nintendo walifungua Super Nintendo World kule Osaka 2021, Hollywood 2023, Orlando 2025. Pale hakuna mtu anayeuliza Mario ana tabia gani. Unaingia ndani ya bomba, unapiga sanduku lenye alama ya kuuliza kwa mkono wako, unatoka umefurahi. Hicho ndicho chombo chake cha pili, na kinafanana na gemu kuliko muvi yoyote.

#31 Fundi wa Hadithi

Hapo umenigusa, ingawa nitakosa kazi wakikusikiliza.

Kuhusu makaburi yako: Ratchet nadhani walifanya kosa la kusimulia tena mwanzo ambao mashabiki wanao tayari, na wasiowajua hawakupewa sababu ya kuja. Bubsy sina la kumtetea.

#32 Wakili wa Mchongo

Mnazunguka. A Minecraft Movie ya 2025 imeingiza zaidi ya dola milioni 950. Maskoti ni nani pale? Steve? Steve hana hata kidevu cha kukumbukwa. Five Nights at Freddy's, 2023, bajeti kama milioni 20, ikakaribia milioni 300. Umri wa watazamaji ndio jibu. Watoto waliokulia kwenye YouTube wakitazama watu wakicheza gemu hizo wamekua, wana pesa ya tiketi. Mario naye hivyohivyo: waliomcheza wakiwa wadogo sasa ni wazazi, wanaleta watoto. Ni hesabu ya vizazi, tabia haimo.

#33 Bi Mtazamaji

Wakili, Freddy ni dubu wa mgahawa. Kihalisi kabisa ni MASKOTI. Umeleta mfano wa kutupinga ambao umevaa kofia na tai ya maskoti.

#34 AnkoRetro

Na vitabu vyake vilianza 2015, miaka minane kabla ya muvi. Kwa hiyo kwenye maandishi pia kapenya. Na mmemsahau Angry Birds. Muvi ya 2016 ilifika kama milioni 350. Ya pili, 2019, wahakiki waliipenda zaidi ya ya kwanza, na mapato yakashuka hadi karibu milioni 150.

#35 KitufeChekundu

Anko ubarikiwe. Hapo sasa! Gemu ilitoka 2009, homa ya simu ikapoa, ndege wakapoa nayo. Muvi bora zaidi, pesa nusu. Gemu ikizimika, maskoti anazimika.

#36 MamaWawili

Basi tueleze Sonic. Mume wangu anasema kuna gemu ya 2006 ambayo hata mashabiki wenyewe wanaificha.

#37 Kobe Mzee

Mwambie mumeo tunamsalimia. Ile hatuitaji mbele ya watoto.

#38 MchoraKatuni

Mama kauliza swali zito kuliko sote. Sega, wenye Sonic, waliacha kutengeneza mashine 2001. Sonic akahamia kwa adui, akawa anauzwa kwenye mashine za Nintendo. Gemu zake zikapanda na kushuka, nyingine aibu tupu. Na muda wote huo komiki zinatoka, katuni zinatoka. Kwa hiyo Angry Birds wanasema gemu ikipoa umekwisha, Sonic anasema gemu ikipoa unahamia kwa jirani unaendelea. Mmoja ana miaka kumi ya umaarufu, mwingine ana thelathini na kitu, labda ni hilo. Labda ni kwamba Sonic hakuwahi kukaa bila kitu cha kusoma au kutazama hata gemu zilipokuwa mbovu.

#39 KitufeChekundu

Au ni kwamba gemu nzuri za mwanzo zilikuwa nzuri mno, deni lake halijaisha kulipwa. Sisogei. Futa gemu ya 1991, hakuna komiki, hakuna muvi, hakuna daftari la hesabu lenye Shadow.

#40 Fundi wa Hadithi

Hilo ni swali la nani alizaliwa wapi. Uliuliza nani anaweza kuishi.

#41 KitufeChekundu

Niliuliza vyote viwili, soma #1.

#42 Bi Mtazamaji

Nimesoma #1. Hukuuliza vyote viwili.

#43 MamaWawili

Samahani kuwakatisha. Mtoto akitaka komiki za Sonic aanzie wapi? Zile 290 zinanitisha.

#44 MchoraKatuni

Achana na za Archie kwa sasa, Mama. Anzia za wachapishaji IDW, zilianza 2018 toleo namba 1, hadithi mpya, hahitaji kujua ya nyuma. Shadow yumo, ila atamsubiri kidogo.

#45 AnkoRetro

Kuna ile muvi ya Tetris ya 2023, Taron Egerton kaigiza. Gemu haina maskoti kabisa na bado imepata muvi. Hiyo mnaiweka kundi gani?

#46 Wakili wa Mchongo

Muvi nzima inahusu kugombania mikataba ya haki za kuuza gemu. Karatasi zimepata muvi yake! Nimeshinda uzi huu, naombeni likes zangu.

#47 Zuu_Pikseli

Hujashinda. Lile tofali refu ndilo maskoti, halijapata wakala tu.